Kifaransa cha Kila Siku kwa Watu wa Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yote nimeulizwa barazani baada ya Isha, mengine mara mia. Wanaouliza ni vijana wa mashua, wapishi wa nyumba za wageni, wachonga milango, na mama mmoja wa Shela auzaye vikapu ambaye siku hizi ananishinda kwa kutaja bei. Mimi mwenyewe nilijifunzia kazini, nikiwa nahodha wa mashua ya watalii, kwa hiyo Kifaransa kilichomo humu ni cha kusema na kusikia. Matamshi nimeyaandika kwa herufi zetu ili yakuvushe tu. Sikio lako ndilo litakalosahihisha.

## Kuanza

Kwa nini Kifaransa, wakati Malindi wanajifunza Kitaliano?

Kwa sababu wageni si wamoja. Malindi na Watamu Kitaliano kimekaa kitako. Huku Lamu, na Shela hasa, Kifaransa unakisikia kila msimu: kwenye mashua, kwenye mapaa ya nyumba za wageni, na kwa wale walionunua nyumba kuukuu wakazitengeneza. Kama kazi yako iko Watamu, muda wako upeleke kwenye Kitaliano, sitakudanganya.

Nianze na maneno mangapi?

Usihesabu maneno. Shika karatasi, andika sentensi kumi unazozisema kazini kila siku kwa Kiswahili, kisha utafute Kifaransa chake. Za mpishi si za muuza vikoi, na za muuza vikoi si za mwenye punda wa kubeba mizigo.

Ukimaliza, chini ya kila sentensi andika majibu mawili matatu ambayo mgeni anaweza kukupa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kijana atauliza *Vous partez quand ?*, mnaondoka lini, kwa ufasaha kabisa. Mgeni akijibu, kijana anabaki kutabasamu. Kuuliza ni upande mwepesi. Mzigo uko kwenye kusikia jibu, na majibu mengi ni namba, saa na siku. Ndiyo maana sehemu ya namba na saa humu ni ndefu.

Wakati mzuri wa kuanza ni Aprili na Mei, mvua zinaponyesha na wageni ni haba. Ukingoja Desemba, wageni watakukuta bado uko kwenye *bonjour*.

Najua Kiingereza. Kitanisaidia?

Kitakusaidia kusoma, na kitakuponza kusema. Maneno mengi yanafanana kwa sura lakini maana zao ni mbali. *Location* kwa Kifaransa ni kukodisha. Ukiona *location de bateau*, ni chombo cha kukodi. *Monnaie* ni chenji: mgeni akikuuliza *Vous avez la monnaie ?* anataka umvunjie noti, haulizi kama una fedha. *Librairie* ni duka la vitabu. *Actuellement* ni sasa hivi. *Rester* ni kubaki, hakuna kupumzika ndani yake. Neno likifanana sana na Kiingereza, lishuku kwanza.

Kuna maneno ya Kifaransa ninayoyajua tayari bila kujijua?

Yapo, na yamepitia Uarabuni. Kifaransa kiliazima Kiarabu kama sisi tulivyoazima, ila wao waliyakunja maneno kwa namna yao. *Sucre* ni sukari, *café* ni kahawa, *safran* ni zafarani, *aubergine* ni biringani, ingawa hilo la mwisho limebadilika sura hadi ndugu zake hawalitambui. *Chiffre*, yaani tarakimu, na *zéro* zote ni watoto wa sifuri. Daktari kwa lugha ya mtaani Ufaransa huitwa *toubib*, na mtu wa Lamu hahitaji kuambiwa kwamba huyo ni tabibu.

Langu nilipendalo ni *la mousson*, pepo za kusi na kaskazi. Lilitoka kwenye neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi msimu. Nao wakachukua *safari* kwetu, na divai yetu ni *du vin* yao.

Kuna kamusi ya Kiswahili na Kifaransa moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza?

Ipo ya zamani iliyoandikwa na mmisionari Charles Sacleux na kuchapishwa Paris mwaka 1939. Ndani yake amezitenga lahaja, Kiamu nacho kikiwemo, na maneno ya baharini amejaza tele. Ni kamusi ya kustarehe nayo, si ya kubeba mashuani. Kwa kazi ya kila siku simu inatosha, ila usiamini tafsiri yake ya misemo.

## Kutamka

Ile “r” yao ya kooni naipataje?

Unayo tangu utotoni. Sema ghali. Sema lugha. Ile *gh* yetu, ukiilegeza kidogo, ndiyo *r* ya Kifaransa. *Merci* ni kama “meghsi”, *Paris* ni “Paghi”. Wenzetu wa bara wanaosema “gali” hupata taabu hapa. Mtu wa Lamu asipate.

Na sauti nyingine?

*Ou* ni *u* yetu ya kawaida. Lakini *u* yao pekee yake si yetu: chongoa midomo kama unayetaka kusema “u”, kisha, bila kuisogeza midomo, sema “i”. Usipofanya hivyo *dessus*, juu yake, itasikika *dessous*, chini yake, na mzigo utawekwa pasipo pake.

*Ch* ni *sh* yetu, kwa hiyo *chambre*, chumba, huanza kama “shamba”. *Gn* ni *ny*. *Oi* ni “wa”: *moi* ni “mwa”. *Eau* na *au* zote ni “o”. Sauti za puani, kama *bon* na *vent*, zipate kupitia ng'ombe: anza kana kwamba unataka kusema “ng'”, ukatize kabla ulimi haujagusa nyuma.

Jambo jingine ni letu wenyewe. Kiswahili hupenda kufunga neno kwa irabu, basi utasikia mtu akisema “bonjuru” na “madamu”. Kata hiyo irabu. Herufi nyingi za mwisho Wafaransa hawazitamki kabisa: *petit* ni “peti”, *beaucoup* ni “boku”.

Kwa nini maneno yanasikika yameungana?

Kwa sababu yameungana kweli. Herufi ya mwisho isiyotamkwa hufufuka neno linalofuata likianza na irabu. *Les amis*, marafiki, ni “lezami”. *Vous avez*, mnayo, ni “vuzave”. Usitafute mpaka wa neno na neno. Jifunze sentensi nzima kama unavyojifunza kiitikio cha kasida.

Nasikia mtu anaweza kumuuzia mgeni sumu badala ya samaki. Kweli?

Kweli, na inatokea. *Poisson*, kwa *s* mbili, hutamkwa “pwaso” huku mwisho ukipanda puani, ni samaki. *Poison*, kwa *s* moja, hutamkwa “pwazo”, ni sumu. *S* moja katikati ya irabu mbili ni *z*. Mpishi mmoja rafiki yangu alipanda juu paani na sinia la nguru wa kupaka, akatangaza kwa furaha *Voilà le poison !* Wageni walicheka, wakala, wakamwita jina hilo wiki nzima.

## Salamu na adabu

Je, lazima niseme *bonjour* kila mara?

Lazima, na kabla ya neno lolote lingine. Kwao kuanza kuuliza bei bila *bonjour* ni kama kwetu kuingia ukumbini kwa watu bila hodi. Unganisha na *madame* au *monsieur*: *Bonjour madame.* Jua likishuka, *bonsoir*. *Bonne nuit* ni ya anayekwenda kulala tu, usimpokee nayo mtu mlangoni.

Kuna tofauti moja na sisi. Sisi tukikutana mara tano kwa siku tunasalimiana mara tano, na kila mara tunaanza upya na habari za nyumbani. Wao *bonjour* ni moja kwa mtu kwa siku. Ukimrudia atadhani umemsahau. Mkikutana tena tabasamu tu, au useme *re-bonjour*, atajua kwamba unakumbuka.

*Ça va ?* inajibiwaje?

*Ça va, merci, et vous ?* Hapo imekwisha. Ni kama “hujambo”: hata mwenye homa atajibu *ça va*.

Nitumie *tu* au *vous*?

Zote mbili ni “wewe”. *Vous* ni kwa kila mgeni mzima, awe mmoja au kumi. *Tu* ni kwa watoto, na kwa mtu aliyekuambia mwenyewe *On peut se tutoyer*, yaani tuambizane *tu*. Vijana wa Kifaransa kwenye mashua huingia *tu* baada ya dakika tano; wangoje wao waanze. Ndiyo maana “tafadhali” ziko mbili: *s'il vous plaît* na *s'il te plaît*.

Naweza kumwita mgeni “mama” kama heshima?

Mfaransa, hapana. *Maman* ni mama yake mtu mwenyewe, na mwanamke wa miaka hamsini ukimwita hivyo atahisi umemzeesha. Sema *madame*. *Mademoiselle* nayo iache. Serikali ya Ufaransa iliiondoa kwenye fomu zake mwaka 2012, na wanawake wengi hawaitaki. Lakini akiwa ni Mkongo, mambo hugeuka: kwao *maman* na *papa* ni heshima kama kwetu.

Nimemkaribisha mgeni kahawa, akasema *merci*, nikamjazia kikombe, akashangaa. Nimekosea nini?

Hukukosea adabu, umekosea maana. Ukimkaribisha mtu kitu akajibu *merci* peke yake, hasa akiinua kiganja, mara nyingi ni *non merci* iliyofupishwa. Ameshiba. Akitaka atasema *oui, merci*, au *volontiers*, au *je veux bien*. Hii ya mwisho inasikika kama anasitasita, kumbe anakubali kwa moyo mmoja.

Mgeni akitaka kunibusu shavuni nifanyeje?

Ile ni *la bise*, salamu ya shavu kwa shavu baina ya jamaa na marafiki. Haina zaidi ya hapo. Kama hutaki, weka kiganja kifuani kabla hajakaribia, inama kidogo, sema *bonjour* kwa uchangamfu. Sijawahi kuona mgeni aliyechukia. Kinachowaudhi ni mtu kuruka nyuma kama ameona nyoka.

Mgeni amesema chakula *pas terrible*. Ni sifa?

Si sifa. *Pas terrible* maana yake hakikuwa kizuri. Na *pas mal*, ambayo inasikika kama lawama, ndiyo sifa. Mfaransa akisema *pas mal du tout* mpelekee mpishi habari njema.

## Namba, saa na pesa

Kwa nini namba zao kuanzia sabini zinachanganya?

Kwa sababu hazina neno la sabini. Ni *soixante-dix*, sitini na kumi. Sabini na tano ni *soixante-quinze*, sitini na kumi na tano. Themanini ni *quatre-vingts*, ishirini mara nne. Tisini na mbili ni *quatre-vingt-douze*: ishirini mara nne, na kumi na mbili. Wabelgiji na Waswisi husema *septante* na *nonante*, na baadhi ya Waswisi *huitante*, wakawastahi wanadamu.

Mwaka wangu wa pili mashuani mgeni mmoja alitaka kunipa namba yake ya simu. Nikatoa kalamu. Akasema *zéro six, soixante-dix-huit, quatre-vingt-douze*, nami naandika jinsi ninavyosikia: 06, 60, 18, 4, 20, 12. Alikuwa ametaja jozi tatu tu, mimi nishajaza tarakimu kumi na moja, na jozi mbili bado zi njiani. Wao hutaja namba ya simu kwa jozi, jozi tano, tarakimu kumi, na za mkononi huanza na 06 au 07. Dawa ni mbili. Ukisikia *soixante* au *quatre-vingt*, inua kalamu, usiandike hadi jozi iishe. Ama mpe simu yako aandike mwenyewe, *Vous pouvez l'écrire ?* Hakuna aibu.

Saa zao nazigeuzaje?

Wao hutumia saa ishirini na nne. *Quatorze heures* ni saa nane mchana. Toa sita: kumi na nne toa sita, nane. *Dix-sept heures*, toa sita, saa kumi na moja jioni. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: *vingt heures* inakuwa kumi na nne, kisha mbili, ndiyo saa mbili usiku. Ikiwa ni alfajiri na sita haitoki, ongeza sita: *trois heures du matin* ni saa tisa usiku. Saa sita mchana ni *midi*, na saa sita usiku ni *minuit*.

Hatari kubwa iko masikioni. *Six heures* ni “sizegh”, *dix heures* ni “dizegh”. Herufi moja, na tofauti ya saa nne nzima: moja ni saa kumi na mbili asubuhi, nyingine ni saa nne. *Deux heures* na *douze heures* nazo ni mapacha. Mimi hurudia kila mara huku nimeinua vidole, na huongeza *du matin*, *de l'après-midi* au *du soir*. Kama ni safari ya kufuata maji, mathalani kwenda Takwa ambako maji yakipwa mashua haifiki, naandika saa kwenye karatasi na kumpa.

Mgeni alisema atarudi *dans huit jours*. Nimwekee siku ya nane?

Hapana, mwekee wiki moja. *Huit jours* ni wiki, kwa kuwa wanahesabu siku zote mbili za pembeni. *Quinze jours* ni wiki mbili. *Mardi en huit* si Jumanne hii, ni ile ya wiki inayofuata. Kijana aliyehesabu siku nane kwa vidole alimngoja mgeni Manda kwenye uwanja wa ndege siku moja baada ya ndege kutua.

Na hapohapo: *tout de suite* ni sasa hivi, *tout à l'heure* ni baadaye kidogo, au muda mfupi uliopita, kutegemea anavyosimulia. Sisi wenye “sasa hivi” ya kudumu saa mbili hatuna mdomo wa kuwacheka.

Maneno ya kuuza na kununua?

Mteja atasema *C'est combien ?*, bei gani. Akisema *C'est un peu cher* bado yupo, endelea naye. Akisema *Je regarde, merci* anatazama tu, mwache atazame. Akisema *On verra*, *Je vais réfléchir* au *Peut-être plus tard*, hiyo ni sawa na inshallah ya mtu anayetaka kuondoka kwa wema. Usimfuate hadi gatini.

Taja bei yako taratibu, uiandike. Namba za juu ya sitini, rudi kwenye swali la kwanza la sehemu hii.

## Baharini, njiani na mezani

Kuna haja ya kujua *le* na *la*?

Kila jina la Kifaransa ni la kiume au la kike, na ukikosea mara nyingi utaeleweka tu. Mtu aliyezoea ngeli za Kiswahili asiwaogope wawili. Lakini nahodha ana neno moja lisilosamehe. *La voile* ni tanga. *Le voile* ni mtandio wa kichwani. Ukiwaambia abiria *On enlève le voile*, umetangaza kuvua mtandio, na kama wamo wanawake wa kwetu chomboni utajieleza. Kushusha tanga ni *On baisse la voile*. Jifunze jina pamoja na *le* au *la* yake tangu siku ya kwanza, kama neno moja.

Ni amri gani za lazima mashuani?

Chache, zisemwe kwa sauti: *Attention !*, angalia. *Baissez la tête !*, inamisha kichwa, wakati foromali inapopita. *Asseyez-vous*, kaeni. *Changez de côté*, hamieni upande wa pili. *Doucement*, polepole. *Marée haute* ni maji kujaa, *marée basse* ni maji kupwa. *Vous savez nager ?*, unajua kuogelea, iulize kabla hujang'oa nanga.

Mitaani iongeze moja: *Attention, un âne derrière vous !* Vichochoro vyetu ni vyembamba, na punda mwenye mzigo wa mawe hajui Kifaransa.

Mgeni akisema *J'ai mal au cœur*, nimpeleke hospitali?

Soma vizuri hili. *Cœur* ni moyo, lakini *j'ai mal au cœur* ni kichefuchefu. Nilikuwa natoka Manda Toto na familia moja, kusi limechafuka, mama wa watu akashika kifua akasema maneno hayo. Nikaona amenifia chomboni. Nikapiga kelele kwa baharia wangu, tukageuza, tukawasha mashine, nikapiga simu gatini waandae machela. Mumewe akiniuliza kuna nini, nami namwambia *Courage, monsieur !* Mama akatapika mara moja, akaomba maji, akauliza kwa nini tunarudi.

Moyo wenyewe ukiuma watasema *J'ai mal à la poitrine*, naumwa kifua, au *C'est le cœur*. Hapo ndipo uwashe mashine. Mengine: *mal au ventre*, tumbo, *mal à la tête*, kichwa, *coup de soleil*, kuungua na jua, *Au secours!*, jamani nisaidieni.

Na mezani?

Anza na hili kwa ajili ya usalama: *fruits de mer*, kwa neno neno matunda ya bahari, si matunda. Ni kamba, kaa, chaza na wenzao. Mgeni akisema *Je suis allergique aux fruits de mer*, kamba wakimgusa anaweza kufa. Mpishi na ajue. Vivyo hivyo *pomme de terre* si tofaa, ni kiazi. *Avocat* ni parachichi na ni wakili pia, ila wakili haagizwi na chumvi.

*Langouste* ni kamba mawe, *crevettes* ni kamba wadogo, *crabe* kaa, *poulpe* pweza, *calmar* ngisi, *thon* jodari. *Ça pique ?* ni kuuliza kama kuna pilipili. *Sans piment*, bila pilipili. Akiomba bia mahali pasipouzwa, *Ici, on ne sert pas d'alcool*, kisha mletee juisi ya ukwaju kabla hajakunja uso.

Aliyeshiba husema *J'ai bien mangé*. Usitafsiri “nimejaa”, inachekesha. Na joto ni *J'ai chaud*, “nina joto”. Ukisema *Je suis chaud* umejitangaza una hamu ya mambo mengine.

Ramadhani nawaelezaje?

*C'est le ramadan, je jeûne.* Nimefunga. Neno hilohilo limejificha kwenye chakula chao: *déjeuner* asili yake ni kufungua saumu, na chai ya asubuhi, *petit déjeuner*, ni futari ndogo. Wageni wengi wa Kifaransa hawajawahi kuliwaza hilo, na ukiwaambia wanafurahi. Angalia tu kwamba kwa Wabelgiji na Waswisi *déjeuner* huwa chai ya asubuhi na *dîner* chakula cha mchana. Wakiagiza, thibitisha saa.

## Ya pembeni

Je, kila anayesema Kifaransa ametoka Ufaransa?

Hata kidogo. Wangazija ndugu zetu wana Kifaransa shuleni na ofisini, na lugha yao ya nyumbani ni jirani na yetu. Habib Swaleh aliyeasisi msikiti wetu wa Riyadha alitoka huko Ngazija, kwa hiyo uhusiano wetu nao ulitangulia watalii. Kama una aibu ya kujaribu Kifaransa kwa Mzungu, anza na Mngazija wakati wa Maulidi. Ukikwama mnamalizia kwa Kiswahili. Wakongo nao wanachanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, na wao, kama Wanyarwanda na Warundi, husema *septante* na *nonante* kwa kuwa Kifaransa chao kilitoka Ubelgiji.

Nimejifunza *je ne sais pas* lakini wao wanasema kitu kingine.

Wanasema “shepa”. Katika mazungumzo *ne* humezwa, na *je sais pas* hujikunja. *Il n'y a pas*, hakuna, inakuwa “yapa”. *Nous* hubadilishwa na *on*: *On y va* ni twende. Wewe sema kamili, wasikie wao kifupi. *Voilà*, *du coup*, *bah* na *quoi* za mwisho wa sentensi ni vikolezo kama “basi” na “yaani” zetu, zipuuze mwanzoni.

Matusi je? Wageni wanayasema ovyo.

*Merde* na *putain* utayasikia kila mtu akijikwaa. Yajue, usiyaseme. Wakiyasema wenyewe huonekana ni mzaha. Ukiyasema wewe wanayekulipa utaonekana mhuni. Na uwe mwangalifu na *baiser*: kama jina ni busu, kama kitenzi ni tusi.

Nataka cheti.

Mtihani unaitwa DELF, una ngazi nne: A1, A2, B1 na B2. Ukishafaulu cheti hakiishi muda. Uliza Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa. Mombasa ipo moja, kwa hiyo jipange na nauli ya basi kutoka Mokowe. Kwa sikio la nyumbani, redio ya Ufaransa, RFI, yenye idhaa ya Kiswahili tangu 2010, ina pia taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi. Isikilize ukiziba nyavu.

Mgeni wangu wa mwaka jana ananiandikia kwenye simu herufi tupu. Ni nini?

*Bjr* ni *bonjour*, *slt* ni *salut*, *cv* ni *ça va*, *stp* ni tafadhali, *dsl* ni samahani, *bcp* ni sana. *Mdr*, kifo cha kicheko, ndiyo “hahaha” yao. *Tkt* ni usijali. *A+* si alama ya mtihani, ni tutaonana baadaye.

Na ujumbe ukiishia *bises*, *bisous* au *biz*, ni mabusu, lakini ya salamu tu. Bibi wa miaka sabini humwandikia hivyo mtunza bustani wake. Mke wangu ilinichukua jioni nzima kumweleza.